Mavi ya Kale Hayanuki: Matusi ya Kiingereza Vinywani mwa Waswahili

Makala haya yamezaliwa na semina moja ya fasihi na, kusema kweli, yamezaliwa na hasira kidogo. Mwenzetu mmoja, mkazi wa Tandika, alikuwa akiwasilisha karatasi juu ya nyimbo za singeli. Katika utangulizi wake alitaja neno 'shit' mara tatu na 'fucking' mara moja, akieleza jinsi vijana wa Temeke wanavyochanganya Kiingereza na Kiswahili. Hakuna aliyeguna. Alipofika kwenye mfano wenyewe, yaani kibwagizo alichokisikia kwenye kigodoro mtaani kwao, akatamka neno la Kiswahili lenye maana ile ile. Ukumbi ukacheka, kisha ukanuna. Mwenyekiti akamkatiza: "Ndugu, tutumie lugha ya kitaaluma." Akaombwa alitaje kwa Kiingereza. Akalitaja, na mjadala ukaendelea kama vile mtu amefungua dirisha.

Akinya kuku kanya, akinya bata kaharisha. Methali hii tumeimeza tangu shule, na wazee huitamka barazani bila kuomba radhi. Vivyo hivyo ile ya nyani asiyeona kundule. Ina maana kwamba fasihi yetu haijawahi kuuogopa uchafu, iliupa kazi. Basi ni kwa nini sisi wahakiki tunauogopa, na tena tunauogopa kwa Kiswahili tu?

Jibu langu ni kwamba neno halinuki kwa sababu ya kile linachokitaja. Linanuka kwa sababu ya kofi. Mtoto wa Tandale akisema tusi la Kiswahili mbele ya mama yake, anakula kofi hapo hapo, na tangu siku ile neno lile linabaki na uchungu wake. Akisema 'shit', mama huenda akadhani mwanawe anaendelea vizuri na masomo. Neno hilo limetufikia kupitia filamu na kanda, likiwa limekaushwa na safari. Kwetu ni mavi ya kale. Lakini kwa Waingereza ni neno lao la nyumbani, la asili ya kale kabisa, na kwao wapo waliolilia kofi. Hata neno lao la heshima kidogo, 'dirt', lina asili ya neno la Kinorse lililomaanisha kinyesi. Baada ya mwaka 1066, utawala wa Wanormani ulipokuja na Kifaransa chake, Kilatini nacho kikiwa lugha ya wasomi, maneno ya mkulima yalizidi kusukumwa uani na 'excrement' ikakalia kiti cha daktari. Kinyesi kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni nani anatawala.

Kiswahili nacho kina ngazi zake. Kunya ni kitenzi kinachokatazwa mezani, lakini kinyesi, mtoto wake wa kumzaa, huandikwa kwenye mabango ya kipindupindu bila tatizo. Nenda kwenye nyumba yoyote ya vyumba sita kule Mtoni au Mwananyamala, ambako wapangaji wote wanagawana choo kimoja. Utasikia mtu anakwenda uani, mwingine msalani, mwingine maliwatoni, mwingine anajisaidia, na yule binti wa chuo anakwenda "toileti". Foleni ni moja. Hii ndiyo tafsida tunayoikariri kwa ajili ya mitihani, ila vitabu vyetu vinasahau kusema kwamba siku hizi Kiingereza kimekuwa tafsida kubwa kuliko zote.

Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanzia kwenye neno 'vulgar', ambalo tunapenda sana kulipachika kwenye mchiriku, mipasho na singeli. Asili yake ni Kilatini, 'vulgus', watu wa kawaida. Yaani kosa la kwanza la kitu hicho ni kuwa cha watu wengi. Tusiwacheke Warumi, maana na sisi tuna 'mshenzi', jina ambalo watu wa pwani waliwaita watu wa bara, na tuna 'acha uswahili', yaani acha tabia za kule Manzese na Mbagala. Mhakiki anayeandika kwamba wimbo fulani ni 'vulgar' huenda anafikiri ameuchambua. Ametaja mtaa tu.

Na matokeo yake si ya darasani peke yake. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya neno 'nyegezi'. Nyegezi ni mahali halisi jijini Mwanza, lakini wasanii walilichezea jina hilo mpaka silabi zake mbili za kwanza zikasimama peke yake. Disemba mwaka huo huo wakazuiwa kufanya maonyesho baada ya kuupiga jukwaani. Wakati huo, ndani ya daladala za Mbagala, nyimbo za Kimarekani zilizojaa matusi ya wazi zilikuwa zinalia asubuhi hadi usiku na kondakta anaitikia. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) nayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa tuhuma za namna hii, na leo sote tumeihakiki.

Najua nitaulizwa: kwa hiyo kila kitu ruksa? Hapana bwana. Matusi ya nguoni humtaja mama wa mtu, na nyimbo nyingi za vigodoro hazina lolote zaidi ya kumvua nguo mwanamke mbele ya spika. Hizo ni mbovu, na ubovu wake unaonyeshwa kwa kuuliza neno linafanya nini pale lilipo: linamcheka nani, linamwumiza nani, lingeondolewa kingepungua nini. Katika "Mwanza" ufundi wote umo kwenye kuikata silabi mahali pake. Mtu anaweza kuuona ni ufundi mdogo, nami naona hivyo, lakini auone kwanza.

Yule mwenzetu alirudishiwa karatasi yake wiki iliyofuata. Kibwagizo cha Kiswahili kilikuwa kimezungushiwa wino mwekundu. Zile 'shit' tatu hazikuguswa, isipokuwa moja, ambayo ilisahihishwa tahajia.