Sifa za Mwalimu wa Kwaya

Mazungumzo kuhusu muziki na utoto huishia kwenye redio. Wimbo wa Mbaraka Mwinshehe au wa Marijani Rajabu ukipigwa leo, mtu mzima hunyamaza kidogo, kisha hutaja mwaka, nyumba waliyokuwa wakiishi, na nani alikuwa hai siku zile. Kwamba jambo hilo hutokea, sibishi. Nabishia maelezo yake, yale yanayodai kuwa wimbo kwa uzuri wake hujipenyeza wenyewe ndani ya mtoto na kukaa humo bila jasho la mtu. Ukiutazama mji wa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi, maelezo hayo yanamdhulumu fundi mmoja asiyetajwa katika historia za muziki wetu: mwalimu wa kwaya. Huyu hutengeneza kumbukumbu kwa makusudi, jioni baada ya jioni, kwa ufundi unaofundishika, na kumbukumbu anayoiacha ni ya aina ambayo redio haina namna ya kuitoa.

Mpanda ni mji wa watu waliohamia. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi ya Mukwamba. Mgodi haukudumu, lakini reli ilibaki, na watu wakabaki na reli. Mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji ya kwao walivuka mpaka kwa maelfu, na serikali ikawapa makazi Katumba na baadaye Mishamo. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma nao wameshuka na ng'ombe wao hadi bonde la Mpimbwe. Wote hao waliwakuta Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wenye nchi. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kwa hiyo kuna watoto waliozaliwa kabla yake. Mahali pa namna hii, nyimbo za bibi haziwezi kuwa kumbukumbu ya darasa zima, kwa kuwa kila bibi alitoka na zake. Watoto wa asili mbalimbali walipojikuta wakiimba kitu kimoja, mara nyingi ilikuwa shuleni au kanisani, mbele ya mtu mmoja mwenye kipande cha chaki na subira nyingi.

Tuutazame ufundi wake, maana sifa isiyoonyesha kazi ni porojo. Wimbo humfikia umeandikwa kwa solfa, zile herufi za d, r, m, f, s, l, t zikitenganishwa kwa nukta na vistari. Mfumo huu ulianzia Uingereza katika karne ya 19, ukabuniwa na mwalimu Sarah Glover na kuenezwa na mchungaji John Curwen, kwa ajili ya waimbaji wa kawaida wasiojua nota za mistari. Uliwafaa watu wa huku kwa sababu hizo hizo: hauhitaji kinanda, unaandikika ubaoni, unanakilika kwenye daftari la shule. Halafu do ya solfa haijafungwa mahali pamoja. Mwalimu huisikiliza kwaya aliyonayo jioni hiyo, akajua wangapi wana mafua na nani sauti yake imeanza kuvunjika, ndipo akaishusha do au kuipandisha. Baada ya hapo huwatenganisha. Soprano wanakaa na utamu wa wimbo, nao hawamsumbui. Kazi iko kwa alto na tena, ambao sehemu yao aghalabu haina utamu wowote ikiimbwa peke yake: inazunguka kwenye noti tatu nne, inasimama wenzao wanapopanda, inateremka bila sababu inayoonekana. Mtoto wa alto huziba sikio moja kwa kidole asivutwe na soprano. Mwalimu humrudisha kwenye mstari huo huo tena na tena mpaka aweze kuushika akiwa amezungukwa na sauti zinazokwenda kwingine. Na kama mwalimu ni mtunzi pia, ana mtihani mwingine, maana Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki unaokazia pasipostahili humfanya mwimbaji atamke kama mgeni. Mtunzi mzuri humfanya mtoto akumbuke neno na sauti yake kwa wakati mmoja, kwa sababu vyote viwili vimeegemea mahali pamoja.

Mtoto aliyefundishwa hivi hatoki na wimbo mzima. Anatoka na robo yake. Aliyeimba besi, ukimwomba auimbe wimbo ule baada ya miaka mingi, ataanza na besi, na asiyeujua atashangaa huo ni wimbo gani. Hili naliona kuwa jambo kubwa kuliko yote katika kazi ya kwaya. Kumbukumbu ya redio ni kamili na ya mtu mmoja. Unaweza kuifungulia kwako usiku na ikakutosheleza. Kumbukumbu ya kwaya imekatwa vipande, na kila kipande kinadai wenzake. Katika mji ambao watu wake hawakuchangia babu, mwalimu amewagawia watoto kumbukumbu ambayo hakuna mmoja wao anayeweza kudai ni yake peke yake, wala wa kabila lake.

Kuna mkasa wa kitabibu unaoonyesha jinsi kazi hii inavyozama mwilini. Clive Wearing, mwanamuziki na kiongozi wa kwaya wa Uingereza, alipata mwaka 1985 maambukizi ya virusi kwenye ubongo yaliyomwachia kumbukumbu ya sekunde chache tu. Hakuweza kukumbuka alichokula wala aliyekuwa akizungumza naye muda mfupi nyuma. Lakini aliweza bado kupiga kinanda, kuimba kwa kufuata nota na kuongoza kwaya. Kilichowekwa na mazoezi kilikuwa kimekaa chumba kingine, ambacho ugonjwa haukukifikia. Hapa, hata hivyo, inafaa kuwa mkweli: mkasa huo unaweza kugeuzwa dhidi yangu. Kama Wearing aliimba bila kukumbuka maisha yake, basi ustadi wa kuimba si kumbukumbu ya maisha. Nakubali kuwa ni vitu viwili. Ila kwa mtu mwenye afya, hicho kinachodumu ndicho kigingi ambacho kwacho matukio hufungwa: mazoezi ya Noeli ya mwaka fulani, rafiki wa kiti cha jirani aliyehamia Sumbawanga, msiba ambao kwaya iliimba ikiwa imevaa sare mpya. Matukio hupotea haraka yakikosa pa kushika.

Atakayetetea redio ana hoja yenye nguvu zaidi. Wanasaikolojia wamethibitisha mara nyingi kwamba nyimbo za ujana hukumbusha watu mengi kuliko za umri mwingine, na wengi wa watu hao hawajawahi kushika sauti popote. Carol Krumhansl na Justin Zupnick wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha mwaka 2013 utafiti uliowasikilizisha vijana nyimbo zilizotamba Marekani kuanzia 1955 hadi 2009. Vijana wale walihisi kumbukumbu si kwa nyimbo za siku zao tu, bali pia kwa zile zilizovuma wazazi wao walipokuwa vijana. Je, hilo halionyeshi kwamba kusikia kunatosha? Naona linaonyesha kinyume. Nyimbo za wazazi hazikuwafikia vijana hao zikielea hewani. Kuna mzazi aliyeziweka nyumbani, akazirudia, akaziimbia jikoni au ndani ya gari. Wimbo ulidumu pale ambapo mkubwa aliurudia mbele ya mdogo. Mzazi hufanya hivyo bila mpango. Mwalimu wa kwaya hufanya kwa mpango, tena kwa watoto hamsini wasio wake.

Mishamo inatoa ushahidi wa karibu zaidi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake kikatoka mwaka 1995. Aliwakuta wakimbizi wa makazini wakisimulia historia yao kwa namna inayokaribia kufanana toka mtu hadi mtu, ilhali Warundi waliokuwa wakiishi mjini Kigoma, ambao nao waliyapitia mambo yale yale, hawakujali kuwa na simulizi moja. Naona kilichowatofautisha ni kusimuliana. Malkki hakuandika kitabu cha muziki, nami simtwishi hoja yangu, lakini anayeijua historia ya kwaya za upande huu atakumbuka mara moja Ulyankulu, makazi ya tatu ya Warundi hao, mkoani Tabora, ambako kwaya ya Barabara ya 13 ilibeba jina la mtaa uliokuwa na namba tu na kulifikisha kwa kaseti hadi nyumba ambazo hazikujua Ulyankulu iko wapi. Waimbaji waliimba kwa Kiswahili. Serikali ilipowapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu, vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014, wako miongoni mwao waliokuwa wamekwisha kuingia katika kumbukumbu za Watanzania kwa mlango wa wimbo.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni la ngoma. Kwaya haikuingia mahali patupu. Mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika walipokabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, walileta nyimbo za Kilatini, na kwa miongo mingi misheni nyingi ziliitazama ngoma kama jambo la kishenzi. Watoto walifundishwa kukumbuka kitu kimoja na kuonea haya kingine. Dhambi hiyo haifutiki kwa kusema Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango mwaka 1963, wala kwa kutaja kwamba mwaka huo huo padri Stephen Mbunga alitoa kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ninachoweza kujibu ni kwamba ufundi ninaousifu haukuzaliwa misheni. Wasukuma wana ningi, mtunzi na kiongozi wa wimbo, ambaye katika mashindano ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu huwashikisha watu wengi maneno mapya, na katika bugobogobo, ngoma ya kulimia, majembe mengi hufuata sauti moja. Huyo ni mwalimu wa kwaya asiye na ubao. Walimu bora wa Katavi ni wale wanaojua kazi zote mbili, na kwaya inayoleta ngoma altareni bila mtu wa kuipiga sawasawa haijamtendea haki yeyote.

Kuhusu nyimbo za kumpokea mgeni rasmi, ambazo wengine huzitaja kuwa uthibitisho kwamba kwaya za shule ni kasuku wa wakubwa, sina mengi. Jina la mgeni hubadilishwa kila mwaka na wimbo unabaki ule ule. Watoto huwa wa kwanza kuligundua hilo, na wanapokua hukumbuka wimbo na kumsahau mgeni.

Linalonitia wasiwasi ni jambo la siku hizi. Kwaya nyingi hurekodi mara moja studio, kisha hupiga wimbo kwenye sabufa huku waimbaji wakicheza na kufuatisha midomo. Kwa watu wazima waliokwisha kuijua kazi, hiyo ni hiari yao. Kwa watoto ni hasara ya moja kwa moja: wanavaa sare, wanapanga mistari, wanapigwa picha, na hakuna hata mmoja aliyepewa sauti ya kushika. Mwalimu hana cha kufanya isipokuwa kubonyeza kitufe. Parokia na shule zinazochangisha fedha za vitambaa na video zingeweza kutenga sehemu ndogo ya fedha hizo kumlipa mtu wa solfa jioni mbili kwa wiki, na kunakili madaftari ya watunzi wazee kabla mchwa hawajayafikia. Vipaza sauti vinaweza kungoja.