Split Rock: Ingieni Ndani, Jamani!

Mnara wenyewe ni mfupi! Nalisema mapema asije mtu akanidai nauli. Split Rock, mnara wa taa unaopamba kalenda na kadi za posta za jimbo la Minnesota, Marekani, una mita 16 na nusu tu. Minazi ya Bagamoyo inaupita. Ila umekaa juu ya jabali linaloshuka wima kama mita 40 hadi kwenye maji ya Ziwa Superior, na hapo ndipo ujanja ulipo. Mhandisi aliliachia jabali kazi ya urefu, akili yake yote akaielekeza kwenye taa. Nimetoka huko juzi juzi na bado sijatulia.

Wageni wengi hukimbilia ngazi 171 za kushuka ufukweni, wakageuka, wakapiga picha ile ile ambayo kila mtu anayo, wakapanda wakihema na kurudi kwenye magari yao. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini uhondo wote umo ndani, mwenzangu, na wao wanauacha!

Kwanza ujue kwa nini kitu hiki kipo. Superior ni ziwa kubwa kuliko yote duniani yasiyo na chumvi ukipima kwa eneo, kilomita za mraba 82,000 hivi. Victoria letu ni la pili. Aliyewahi kuvuka usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba upepo ukiwa mbaya hahitaji kuelezwa kwamba ziwa nalo linaua. Tarehe 28 Novemba 1905 Superior liliua. Dhoruba ya theluji iliharibu meli 29. Moja, Mataafa, ilikatika mlangoni kabisa mwa bandari ya Duluth, na mabaharia tisa wakafa kwa baridi huku umati wa watu ukiwatazama kutoka nchi kavu bila njia ya kuwafikia. Tishari la Madeira lilijipigiza kwenye mwamba wa Gold Rock, jirani na mnara ulipo leo. Wenye meli za kubebea madini ya chuma, waliopata hasara kubwa, wakaibana serikali. Manahodha walikuwa na malalamiko yao ya siku nyingi kwamba chuma kilichomo ardhini pwani ile kinapotosha dira. Mwaka 1907 Kongresi ikatenga dola 75,000.

Sasa jenga! Mahali hapo hapakuwa na barabara. Barabara ilifika mwaka 1924. Ralph Russell Tinkham, mhandisi kijana wa idara ya minara ya taa, aliwafikisha mafundi wake kwa meli mwaka 1909, wakafunga winchi ya mvuke juu ya jabali na kuanza kuvuta. Matofali, saruji, vyuma, chakula, kila kitu kilining'inia kwenye kamba juu ya mawimbi: zaidi ya tani 300 za vifaa. Na mwamba huo si wa mchezo. Umejaa anothosaiti, jiwe gumu lililoitia hasara kampuni ya 3M, ilipokuwa changa, jirani hapo, ikidhani imepata korundamu ya kutengenezea vifaa vya kusagia. Wao liliwaangusha, mnara limeubeba zaidi ya karne.

Usanifu wake unanipendeza kwa kukataa madoido. Pembe nane, mifupa ya chuma, ngozi ya matofali ya rangi ya maziwa, mikanda ya zege kwenye kingo, na msingi wa zege uliozamishwa ndani ya mwamba. Juu kabisa chumba cha taa, cheusi, cha chuma na vioo. Nyuma yake nyumba tatu za matofali zinazofanana, kila mtunza taa na yake, pasiwe na ugomvi wa nani kapewa nzuri. Kuna pia jengo la honi ya ukungu, lenye mitambo ya kushindilia hewa. Nimelipitia harakaharaka, nakiri, kwa sababu miguu ilikuwa inadai ngazi za mnara.

Unapanda ngazi za chuma zinazojizungusha, kichwa kinachomoza, na pale! Lenzi! Mzinga wa vioo na shaba unaong'aa, uliotengenezwa Paris na kampuni ya Barbier, Bénard et Turenne kwa ule mtindo wa Mfaransa Fresnel: pete juu ya pete za vioo vilivyochongwa, kila pete ikikamata mwali uliokuwa unapotea juu au chini na kuusukuma ziwani. Hii ina nyuso mbili zilizopeana mgongo. Sogea karibu uchungulie katikati ya uso mmoja: ziwa lote linaonekana kichwa chini, mbingu sakafuni, maji darini. Nilisimama hapo mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Na bado! Dude zito namna ile linaelea juu ya beseni la zebaki, hivyo halihitaji nguvu nyingi kuzunguka. Linazungushwa na mtambo wa saa unaovutwa na uzito ulioning'inizwa, ambao hushuka polepole ndani ya nguzo iliyo katikati ya ngazi zile ulizopanda. Kila baada ya saa mbili mtunza taa aliupandisha tena kwa mkono, usiku kucha. Mzunguko mmoja ni sekunde 20. Kwa kuwa nyuso ni mbili, baharia aliona mmweko kila sekunde 10, akajua hapo ni Split Rock na si kwingine.

Unajua moto wenyewe ulikuwa nini? Karabai! Mafuta ya taa yaliyogeuzwa mvuke na kuchomwa, kazi ile ile ya karabai ya mvuvi wa dagaa, ndiyo yaliyowashwa tarehe 31 Julai 1910. Umeme ulikuja mwaka 1940, na balbu ya wati 1,000. Kwa hesabu za ofisini mwanga ulifika kilomita 35. Wavuvi wa Grand Marais, karibu kilomita 100 kutoka hapo, walisema wao wanauona. Nawaamini wavuvi.

Maisha ya watunzaji yalikuwa na bei yake. Orren Young, mkuu wa kwanza, alikaa hadi 1928, lakini msimu ule wa kwanza tu, Oktoba 1910, wasaidizi wake wawili walikwenda kwa mashua kuchukua barua na hawakurudi. Juu kuna taa ya kuokoa meli za chuma. Chini, mashua ya barua inazama.

Kasoro? Chumba cha taa ni kidogo na foleni ni ndefu. Kasoro kubwa ni kwamba taa ilistaafishwa mwaka 1969, vyombo vya kisasa vilipoifanya isihitajike, kwa hiyo siku za kawaida unaona kila kitu isipokuwa mwanga wenyewe kazini.

Isipokuwa Novemba 10. Usiku huo, mwaka 1975, meli ya Edmund Fitzgerald ilizama upande wa pili wa ziwa na watu wote 29. Kila mwaka tarehe hiyo majina yao husomwa, kengele hugongwa, kisha taa huwashwa, na ndiyo jioni pekee wageni huruhusiwa kupanda giza likiwa limeingia na lenzi ikifanya kazi yake. Wewe unayeishi Minneapolis, na najua mko wengi, huna kisingizio: fika Duluth, fuata barabara ya ufukweni kaskazini mashariki kwa kilomita 75 hivi. Vaa koti zito, na uanze na mnara, ufukwe utaukuta.