Kabla Hajagusa Spana

Gari langu lilikuwa linagonga mbele, upande wa kushoto. Ko-ko, ko-ko, kila nilipoiacha lami na kuingia barabara za mtaani. Gereji ya kwanza walibadilisha shokapu zote mbili za mbele, wakanipongeza, na siku ya tatu ko-ko ikarudi. Ndipo rafiki akanielekeza kwa fundi mmoja hapa Dar es Salaam, mtu mzima mwenye shimo lake la kukagulia magari chini ya mwarobaini.

Hakuchukua jeki. Alifungua buti, akatoa tairi la akiba, spana na dumu la maji, akavipanga ukutani. Vitu vya buti, alisema, vimeshawatoza watu wengi hela za shokapu. Kisha akaketi kiti cha abiria, akafunga mkanda na kuzima redio. "Haya dada, twende. Polepole."

Kuna tuta karibu na gereji yake. Tulilipanda kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa mpigo mmoja: kimya. Akaniomba nizunguke, safari hii gurudumu la kushoto lipande ukingoni mwa tuta na la kulia lipite tambarare. Ko! Tukarudia mara nne. Tuta lilelile, mwendo uleule, akibadilisha jambo moja tu. Sijawahi kuona swali linaloulizwa kwa usafi namna ile.

Gari langu ni Toyota IST, na kama magari mengi madogo lina chuma cha stabilaiza kinachounganisha mguu wa kushoto na wa kulia ili gari lisilale kwenye kona. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, chuma hicho huzunguka kizima bila kujipinda. Likipanda moja, hujipinda, na nguvu hupita kwenye linki zake mbili, vifimbo vifupi vyenye kifundo kila ncha. Kifundo kikilika, chuma hugonga chuma. Shokapu, kwa upande wake, hufanya kazi katika hali zote mbili; ingekuwa yenyewe, isingenyamaza tulipopanda sawa.

Ningekuwa mimi ningekimbilia linki palepale. Yeye aliendelea. Kwenye mashimo akaniambia nikanyage breki kidogo tu, maana sauti inayokufa kwa breki hutoka kwenye kalipa au pedi zake. Haikufa. Gari likiwa limesimama, akaingiza mkono juu ya tairi na kushika springi, nami nikazungusha usukani. Springi ikijikunja kisha ikaruka kwa kishindo, beringi iliyo juu ya shokapu imekwama. Yangu ilizunguka laini.

Uangalifu huo una sababu. Mguu wa namna hii, ambao shokapu imepita katikati ya springi na kushika gurudumu moja kwa moja, ni kazi ya mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, na Ford Consul ya mwaka 1950 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuutumia. Ni mwepesi, hauli nafasi. Lakini kila kitu kimefungwa pamoja, na bodi ya gari hubeba sauti kama ngozi ya ngoma.

Nililijua hilo alipoingia shimoni. Kijana wake alilitikisa gari huku na huku, naye akaweka vidole kwenye linki ya kushoto, halafu ya kulia. Akanyamaza kidogo. "Njoo ushike." Ya kushoto ilikuwa imetulia. Ya kulia ilitetemeka vidoleni mwangu kama jino bovu. Miezi miwili nilikuwa naapa kwamba ni kushoto.

Alipokuwa humo aliona pia bushi moja ya mkono wa chini imechanika, tukakubaliana aibadilishe. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hakuna mteja angelidai. Bushi ni raba iliyogandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Haizunguki, hujipinda tu. Ukiikaza gari likiwa juu ya jeki na mguu unaning'inia, gari likishuka raba hubaki imejipinda usiku na mchana, na haichukui muda kuchanika. Gari litatoka gereji kimya kabisa, mteja atalipa na kushukuru.

Kwa hiyo alizifunga bolti kwa vidole tu, akatoa jeki, akalitikisa gari mpaka likakaa kimo chake, akarudi shimoni na spana ndefu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkoba begani, nikidhani tumemaliza.

"Dada," akaita kutoka chini, "hebu kaa kwenye kiti chako kwanza. Nakaza ukiwa ndani."

Nikaingia nikakaa.