KUTAMBUA, KUBAINI NA KUPOKEA: UHAKIKI WA ISTILAHI ZA KINGA YA MWILI

Hivi karibuni tulikaa na walimu kadhaa huko Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Unguja, tukipitia kijarida cha afya kilichofasiriwa kwa ajili ya shule. Sentensi moja ilitusimamisha: "Kinga ya asili hutambua virusi kwa vipokezi vyake." Kisarufi sentensi hii haina ila. Hata hivyo, maneno yake matatu makuu yanampeleka msomaji kusiko. Tumeona inafaa kuyahakiki moja moja.

Tuanze na "asili". Katika mazungumzo ya tiba, neno hili limekwisha kushikamana na miti shamba na mafusho, na mwaka 2020, desturi ya kujifukiza ilipoenea nchini, lilizidi kushikamana nayo. Si ajabu basi kwamba mwalimu mmoja alidhani kijarida kinazungumzia dawa za asili. Kilichokusudiwa ni ile kinga ambayo mtu huzaliwa nayo, kabla hajaugua wala kuchanjwa. Twapendekeza iitwe "kinga ya kuzaliwa nayo". Pengine itasemwa kwamba mtoto huzaliwa pia na kinga aliyopewa na mama yake. Ni kweli, lakini hiyo ni amana ya muda tu, nayo yafaa kuitwa "kinga ya mama".

Neno la pili, "kutambua", ndilo zito zaidi. Mtu humtambua yule aliyekwisha kumjua. Mwaka 1870 homa ya maumivu ya viungo iliyoitwa kidinga pepo iliukumba mji wa Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwapo, aliandika kwamba ugonjwa kama huo ulikuwa umewahi kufika mwaka 1823. Wakongwe walioukumbuka ndio walioutambua. Vijana waliona tu kuwa jambo lisilo la kawaida limewafika. Kinga ipatikanayo baada ya ugonjwa au chanjo ni kama wale wakongwe: ina kumbukumbu. Kinga ya kuzaliwa nayo haina kumbukumbu ya namna hiyo.

Hufanyaje basi? Tuchukue virusi vya chikungunya, ugonjwa wenye jina la Kimakonde, ambao ulielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Vikiisha kuingia katika seli, virusi hivi hujinakili, na katika kujinakili huzaa nyuzi ndefu za RNA zilizo pacha. Nyuzi za namna hiyo si za kawaida katika saitoplazimu ya seli yenye afya. Tena, RNA ya seli ipelekayo ujumbe huwa na kofia kwenye ncha yake. Uzi usio na kofia hiyo huzusha shaka. Protini ziitwazo RIG-I na MDA5 hunasa dalili hizi, na seli hutoa interferoni ili kuzionya seli jirani. Kwa virusi vya DNA iko protini nyingine, cGAS, ambayo huikuta DNA katika saitoplazimu, nje ya kiini, mahali isipostahili kuwapo.

Dalili, basi, ni mbili: umbo geni na mahali pasipo pake. Mvuvi wa Mangapwani akirudi alfajiri akakuta chombo chenye tanga geni kimetia nanga asipokitarajia, hamjui nahodha wake, lakini hushtuka. Mvuvi huyo hajatambua, amebaini. "Kubaini" ni kupambanua kilicho tofauti, nalo ndilo neno litakiwalo hapa.

Neno la tatu ni "kipokezi". Virusi vya UVIKO-19 huingia katika seli kwa kushika protini iitwayo ACE2, na hiyo nayo huitwa kipokezi. Kwa hiyo mlango anamopita adui na mlinzi anayepiga mbiu vimepewa jina moja. Kiingereza kina kasoro hiyo hiyo, lakini hatulazimiki kuirithi. "Kipokezi" kibaki jina la mlango. Mlinzi aitwe "kibaini". Tumelipima pia neno "kihisi", tukaona limezoeleka zaidi kwa ala za kupimia joto na mwanga, na kuhisi peke yake si kupambanua. Ama "interferoni", jina lililobuniwa London mwaka 1957 na Isaacs na Lindenmann, twaona libaki lilivyo.

Huenda msomaji akadhani huu ni ubishi wa maneno tu. Sivyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mwili hutambua kila kirusi tangu kuzaliwa atauliza, na kwa haki, chanjo ni ya nini. Jibu ni kwamba chanjo ndiyo inayoufundisha mwili kutambua. Tukilitumia neno hilo pasipo pake, tunamnyima mwalimu jibu.

Sentensi ile, basi, twaiandika upya hivi: "Kinga ya kuzaliwa nayo hubaini dalili za virusi ndani ya seli kwa protini ziitwazo vibaini." Ni ndefu kidogo, lakini haimpotezi msomaji. Tunawaomba wafasiri na walimu waijaribu darasani, kisha watuletee maoni yao.