Pale Ufagio Unapoishia

Asubuhi nyingi Kitui huanza kwa sauti ya ufagio. Kabla jua halijawa kali, uwanja wote umeshafagiwa, kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye ua wa minyaa, na mistari ya njiti bado inaonekana juu ya udongo mwekundu. Uwanja msafi ni heshima ya boma, tena ni ulinzi: nyoka akikatiza anaonekana, nge hapati takataka za kujifichia. Sina neno baya juu ya ufagio. Hata hivyo, aliyekaa nyumba moja miaka mingi amejionea kazi yake nyingine. Kila siku unaondoka na vumbi kidogo, upepo wa Agosti unachukua fungu lake, kisha mvua ya Novemba inaporomoka kutoka kwenye mabati na kuchimba mfereji chini ya paa. Msingi aliouzika fundi unaanza kuchungulia, halafu mawe yake yanahesabika.

Kwa sababu hiyo nawastahi sana watu wanaojua kupanda maua pale ufagio unapoishia. Nawasema hasa wale wanaootesha portulaka, ile ya maua makubwa, inayotambaa kwa vishina vinono vyekundu na majani membamba ya mviringo yaliyojaa maji. Utaikuta kandokando ya kuta, ndani ya tairi kuukuu zilizokatwa meno, kwenye karai lililotoboka, na katika duara la mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka mlingoti wa bendera shuleni. Haipandi juu, shubiri moja ikizidi sana. Ndiyo sifa yake ya kwanza katika nchi ya nyoka, kwa kuwa inavika ardhi bila kumpa mnyama mahali pa kulala. Na rangi zake, waridi, manjano, chungwa, nyeupe, zambarau iliyoiva, zinatoka katika jamii ileile ya rangi iliyomo kwenye bitiruti na boganvilia. Jua la saa sita haliziunguzi. Ndilo linalozifungua.

Mmea huu ulizaliwa mbali na huku Ukambani. Daktari wa Kiskoti, John Gillies, aliukuta Argentina, kwenye udongo mwepesi wa kichanga kati ya nyanda za Pampas na miguu ya milima karibu na Mendoza, mahali pakavu ulipokuwa umeigeuza ardhi kuwa ya zambarau. Mwaka 1829 mtaalamu wa mimea William Hooker akauandika rasmi kwa jina la Portulaca grandiflora. Anayeujua mchanga wa Kitui haoni ajabu kwamba ulifika huku ukatulia. Ulikuwa umeshafunzwa kiu kwao.

Na ujuzi wake wa kuishi na kiu ni wa ndani kabisa. Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani mchana ili ivute hewa, na wakati huohuo maji yake yanatoroka. Jamii ya portulaka, ukame ukizidi, inaweza kuvifungua usiku kunapokuwa na ubaridi, ikahifadhi hewa hiyo ndani ya majani kwa namna ya asidi, kisha ikaitumia mchana milango ikiwa imefungwa. Pamoja na hilo ina ule utaratibu mwingine ambao mahindi na mtama hutumia kukua haraka kwenye joto. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba katika ndugu yake anayeliwa, yule ambaye watu wa Pwani humwita tako la hasani, taratibu hizo mbili hufanyika ndani ya chembe zilezile. Ni mimea michache mno duniani iliyojaliwa zote mbili. Nikiuona unachanua kwenye ukingo wa uwanja ambao hata majani ya kawaida yamekauka, nakumbuka kwamba chini ya urembo ule kuna kazi ya usiku kucha.

Kuna lawama ambayo wapanda maua wa nchi kavu huisikia mara kwa mara, na hainipendezi. Mahali ambapo punda hubeba mitungi ya lita 20 kutoka mtoni, wanaulizwa, nani mwenye maji ya kuchezea? Aliyeuliza hivyo hajatazama jinsi kazi inavyofanywa. Portulaka iliyoshika mizizi inatosheka na maji ya kusuuzia mboga au mchele, mara moja kwa wiki, na wiki nyingine hata hayo inayakataa. Maji ni adui wake mkubwa kuliko jua. Shina likianza kulegea karibu na udongo na kuwa laini, ni kuoza, na dawa ni kuacha ndoo ipumzike. Mtu asiyejua huona mmea umelegea akaongeza maji. Anayejua huinama kwanza, akachomeka kidole kwenye udongo, akabonyeza jani. Jani likiwa gumu na limejaa, anaondoka. Likikunjamana kidogo, ndipo anarudi na kikombe. Maarifa haya yako vidoleni, na huyapati kwa kuambiwa mara moja.

Udongo nao una elimu yake. Ule wa kichuguu, unaosifiwa kwa kufyatulia matofali, haufai, kwa kuwa unashika maji na kuyang'ang'ania. Kinachotakiwa ni mchanga wa mtoni, mafungu mawili kwa moja la udongo mwekundu, na samadi ya mbuzi iliyokwisha kukaa, kiasi cha konzi tu. Samadi ikizidi, mmea unanenepa majani na kusahau maua. Hapa nafikiria jinsi watu wa Kitui wanavyoufahamu mchanga kuliko wengi. Huku mabwawa ya mchanga yamejengwa kwa mamia, mengi yakiwa kazi ya shirika la SASOL na vikundi vya vijiji: ukuta wa zege unakatiza mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha kati ya chembe zake mpaka kiangazi. Mchanga uleule, ukiuweka kwenye kitanda cha maua kisicho na ukuta, unafanya kazi iliyo kinyume, unayapitisha maji yasisimame. Aliyekwisha kuchimba kisima kwa mikono katika mchanga wa mto hahitaji kufundishwa na mtu wa kitaluni kuhusu mifereji ya maji.

Wakati wa kupanda ni Novemba, mvua za vuli zikishatulia. Ukambani mvua hizi ndizo za kuaminika, kuliko zile za Machi hadi Mei, na mwenye mbaazi na pojo shambani huzipangia mwaka wake wote. Portulaka huingia katika pengo la siku mbili tatu kati ya kupanda na palizi ya kwanza. Unakata kitawi cha urefu wa kidole, unaondoa majani ya chini, unakiacha kivulini mpaka kesho ili kidonda kikauke, kisha unakichomeka na kukishindilia kwa kidole gumba. Baina ya kimoja na kingine acha shubiri. Wiki moja au siku kumi, kimeshashika. Mbegu pia zipo, ndogo mno, za kijivu chenye mng'ao wa madini, karibu 10,000 kwa gramu moja, ndani ya kikopo kidogo kinachofunguka kwa kifuniko. Zinataka mwanga ili ziote, kwa hiyo hazifukiwi. Zinachanganywa na mchanga mkavu na kunyunyizwa juu. Ni unyenyekevu mkubwa ukilinganisha na mukau, mti wetu wa mbao, ambao mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa gumu na imewapa kazi ya miaka mingi watafiti wa misitu wa KEFRI hapa Kitui. Lakini mbegu hazina uaminifu wa rangi. Anayetaka manjano ileile aliyoipenda kwa jirani huomba kitawi.

Na hapo ndipo kazi hii inapokuwa ya watu. Boma nyingi ninazozifahamu hazijawahi kununua hata mche mmoja wa portulaka. Mtu amekuja kuazima ungo, amesimama ukingoni mwa uwanja, akasema, "Mwaitu, nikatie kidogo ya ile ya manjano." Mwenye nyumba hajibu, anainama, anakata vitatu badala ya kimoja, na anapokabidhi anatoa agizo: "Usiimwagilie leo. Na uifunike, kuku wako nawajua." Kuku kweli ndio jaribu la kwanza. Wanaparua kitanda kipya kabla hakijashika, na njia ya wenyeji ni kulaza juu yake matawi ya mgunga yenye miiba mpaka vitawi visimame. Mbuzi wanahitaji ukuta, na hata ukuta huwa hautoshi.

Chini ya paa pana ufundi wa peke yake, na ndipo namtambua mpandaji aliyekomaa. Matone yanayoanguka kutoka kwenye mabati huvunja vishina, kwa hiyo hapandi pale yanapotua. Anatandaza kokoto upana wa shubiri moja kufuata mstari wa matone, na portulaka inaanzia upande wa nje. Maji yanapiga kokoto, yanapoteza nguvu, yanateleza chini ya majani na kuingia ardhini taratibu. Baada ya misimu michache mfereji umeziba, na msingi hauchungulii tena.

Kuivika ardhi ni kazi ya zamani Ukambani, na imelipiwa kwa machungu. Katika miaka ya 1930 wakoloni walitazama vilima vya Machakos vilivyokuwa uchi, wakailaumu mifugo, wakaanza kuichukua kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu hadi Nairobi kupinga. Baadaye wakulima wenyewe, kwa majembe na matuta ya fanya juu yaliyopandwa nyasi ukingoni, waliirudisha ardhi ile, hata mwaka 1994 kikachapishwa kitabu, More People, Less Erosion, kilichoueleza ulimwengu kwamba watu walikuwa wameongezeka na mmomonyoko umepungua. Mama anayepanga kokoto na maua chini ya paa lake Mutomo au Wote anafanya kazi ya ukoo huohuo. Sioni kwa nini tumwite mwenye tuta mhifadhi, na huyu tumwite mpenda mapambo.

Laiti wengi zaidi kati yetu tungeutazama pia urembo uliozaliwa hapa. Kwenye majabali ya Kitui humea mshubiri ambao Gilbert Reynolds aliuandika mwaka 1956 kwa jina la Aloe ukambensis, ambao majani yake hugeuka mekundu jua likiyachoma. Mahali pake ni juu ya mwamba. Asiutoe mtu huko kwa jembe. Mshubiri wa porini unalindwa kisheria, na ulioondolewa mwambani mara nyingi unakufa kwa kubembelezwa kwa maji.

Portulaka haina haja ya ulinzi huo. Inachotaka ni jua, saa sita kwa siku au zaidi, mbali na kivuli cha mwembe. Maua hufunguka kama saa tatu asubuhi na kufumba alasiri, na kila ua lina siku yake moja tu. Nyuki wa Kitui, nchi ya mizinga na asali, hawazichezei saa hizo. Ukigusa nyuzi za katikati ya ua kwa ncha ya unyasi, zitasogea zenyewe kuelekea ulipogusa. Nyuki akitua, chavua inamfuata. Watoto wakionyeshwa jambo hili mara moja, hawakanyagi kitanda tena. Julai, mawingu yakitanda na baridi ikiingia, maua yanagoma. Huo ndio wakati wa kisu: mmea uliorefuka na kubaki uchi katikati unakatwa nusu, na vilivyokatwa vinapandwa mikebeni vikisubiri Novemba.

Kufika Desemba, waliopanda mapema wana ukingo uliojaa, na mabasi yanashusha watu kutoka Nairobi na Mombasa. Wakati wa kurudi, pamoja na pojo na maembe, wengi huomba kitawi. Kifungwe kwenye gazeti kavu, kisitiwe ndani ya plastiki, na kitasafiri siku mbili bila kudhurika. Msafiri akifika nyumba ya ghorofa, atafute mkebe wenye matundu chini, mchanga mwingi kuliko udongo, na upande wa baraza unaopata jua la asubuhi hadi mchana. Asimwagilie siku hiyo.