Jumba Lililoamshwa kwa Sherehe

Ukifika katika mji mdogo wa Richmond, Yorkshire, kaskazini ya Uingereza, waweza kulipita jumba lake la michezo ya kuigiza usilitambue, kwani kwa nje lafanana na ghala la mawe. Samuel Butler, mwigizaji aliyeongoza kundi la wachezaji wa kuhama mji hata mji, alilifungua mwaka 1788. Mwaka 1848 likafungwa. Ukumbi wa chini ulifunikwa kwa sakafu ya mbao, chini yake yakawekwa mapipa ya mvinyo, na juu yake watu wakanadi mali.

Usiwalaumu upesi wauza mvinyo hao, msomaji. Majumba makuu ya London yaliungua, Covent Garden mwaka 1808 na Drury Lane mwaka 1809. Na lile la Bristol la mwaka 1766, ingawa ni kongwe zaidi, limebadilishwa mara nyingi. La Richmond lilisalia kwa sababu hakuna aliyelijali kiasi cha kulivunja wala kulipamba.

Mwaka 1943, katikati ya vita, mji uliadhimisha miaka 850 tangu kupewa haki zake, na jumba likafunguliwa kwa ajili ya sherehe. Wako wasemao ati sherehe hiyo ndiyo iliyoliokoa. Mimi nasadiki nusu tu. Ni kweli kwamba watu waliona kwa macho yao kuwa ghala lile lilikuwa na jukwaa. Lakini siku ya sherehe watazamaji huushangilia mji wao. Nani atathubutu kusema kwamba mchezo ulikuwa mbaya? Jumba la michezo hujulikana kuwa hai pale mtu asiye na sherehe yoyote anapotoa fedha yake, jioni ya mvua, kwenda kuona mchezo asioujua. Hayo hayakupatikana mara moja. Chama cha kulitunza kiliundwa mwaka 1960, na milango ilifunguliwa tena mwaka 1963.

Je, walilitengeneza vema? Kwa maoni yangu, ndiyo. Majina ya watunzi wa michezo, Shakespeare miongoni mwao, yameandikwa juu ya vyumba vya watazamaji kama zamani. Na mwaka 2003, walipotaka nafasi zaidi kwa wageni, walijenga upande wa nje badala ya kuubomoa ukumbi wa kale. Kasoro zipo: akaaye pembeni hana budi kugeuza shingo jioni nzima, na viti vichache haviwezi kuleta fedha nyingi. Lakini ukiondoa kasoro hizo utaliondoa jumba lenyewe.

Wewe uliyezoea kuigiza katika ukumbi mkubwa wa shule, ukipaaza sauti ili wa nyuma wasikie, fikiri ungefanyaje hapo. Mtazamaji aliye karibu hivyo huona jicho lako likitangatanga kutafuta maneno uliyoyasahau. Sauti kuu humchosha; mnong'ono humfikia. Mchezaji hodari wa ukumbi mkubwa aweza kuaibika hapo kabla ya kumaliza hotuba yake ya kwanza, na hiyo, nadhani, ndiyo faida kubwa ya kulifufua jumba hili, kuliko hata uzuri wa rangi zake. Katika kitabu twasoma maneno tu ya michezo ya karne ya 18. Hapo twaona jinsi maneno hayo yalivyopimwa kwa umbali wa hatua chache.

Huko juu, walikokaa watu wa kiingilio kidogo, mbele ya benchi zao pana mbao ambazo watazamaji walizipiga mateke mchezo ulipowaudhi. Waliolitengeneza jumba wameziacha mahali pake.