Sahihi na Usahihi

Katika Kiswahili neno sahihi lina maana mbili: ni jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake mwenyewe ili kuthibitisha jambo, na ni sifa ya kitu kisicho na kosa. Maana hizo zinakaa pamoja bila kugombana, kwa sababu anayetia jina lake chini ya hati hudai kwamba yaliyomo ni kweli na kwamba yuko tayari kuulizwa. Ni vigumu kupata kipimo kingine bora cha kupimia desturi ya kukusanya matoleo ya kifahari ya riwaya za kifantasia, yaani zile hadithi za nchi za ajabu ambazo wasomaji wake huzipenda tangu utotoni hadi uzeeni, kwa kuwa desturi hiyo imejengwa juu ya sahihi. Toleo la namna hiyo huchapwa kwa idadi inayotangazwa mapema, kila nakala hupewa namba yake, na mwandishi au mchoraji hutia sahihi katika ukurasa uliotengwa kwa kazi hiyo. Kinachosikitisha ni kwamba sahihi zinazidi kuongezeka huku usahihi ukizidi kupungua.

Riwaya moja inatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyofikia hapo, nayo ni ile ya Alice na safari yake katika nchi ya ajabu, iliyosimuliwa kwa mdomo ndani ya mashua karibu na Oxford tarehe 4 Julai 1862. Msimulizi, Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati aliyeandika kwa jina la Lewis Carroll, aliigharimia mwenyewe kazi ya kuichapa, na mwaka 1865 nakala 2,000 zilikuwa tayari, pale mchoraji wake, John Tenniel, alipolalamika kwamba picha hazikutoka vizuri. Carroll hakumbembeleza Tenniel wala hakujitetea kwa kutaja fedha alizokwisha kutoa. Alilizuia toleo zima, akawaomba marafiki waliokwisha kupewa zawadi wazirudishe, kisha akaagiza kitabu kichapwe upya kwa mchapaji mwingine, Richard Clay wa London. Nakala chache zilizosalia za toleo lile lililokataliwa, ambazo ni kama dazeni mbili tu, ndizo leo zinazotafutwa na wakusanyaji kuliko Alice nyingine zote, na katika hilo mna fumbo la kuzingatiwa, kwamba nakala adimu kuliko zote ni zile ambazo mwenyewe alisema si sahihi. Uhaba wake haukupangwa na muuzaji yeyote, bali ulizaliwa na dhamiri ya mtu aliyeona haya kumpa mtoto kitabu kibaya.

Dhamiri hiyo haikuwa ya Carroll peke yake. Picha 42 za Tenniel zilichongwa na ndugu wa Dalziel, mafundi mashuhuri wa London, katika vibao vya mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana sana, wakiondoa kila sehemu ya mti iliyotakiwa kubaki nyeupe na kuacha mistari myembamba ya kupokea wino. Vibao hivyo vilithaminiwa kiasi kwamba havikutiwa katika mashine za kuchapia kitabu, bali zilitengenezwa nakala zake za metali ili hizo ndizo zichakae, na vyenyewe vikawekwa. Mwaka 1985 viligunduliwa katika hazina ya benki mjini London, na mwaka 1988 zikatolewa seti 250 za picha zilizochapwa moja kwa moja kutoka katika mti wenyewe, ikiwa ni zaidi ya miaka 120 tangu patasi za Dalziel zilipowekwa chini. Mtu anayezitazama picha hizo huona mkono wa mchongaji ukipunguza nguvu katika manyoya ya sungura na kuikaza tena penye giza, na huelewa kwamba idadi ndogo ya toleo hilo ilikuwa na sababu, kwa kuwa mti una mwisho wa uvumilivu wake.

Hata mwanzo wenyewe wa uchapaji wa kifahari wa zama hizi ulifungamana na hadithi za ajabu. William Morris, alipoanzisha kiwanda chake cha Kelmscott huko Hammersmith mwaka 1891, alianza na riwaya yake mwenyewe, The Story of the Glittering Plain, akitumia herufi alizozisanifu, karatasi iliyotengenezwa kwa mkono na mashine isukumwayo kwa nguvu za mtu. Nakala 200 zilikuwa za karatasi, na nyingine 6 zilikuwa za velamu, yaani ngozi ya mnyama iliyolainishwa hadi ikafaa kuandikwa. Idadi ya namna hiyo ilitoka mkononi: ilipimwa kwa karatasi iliyokuwapo na kwa saa ambazo mabega ya mtu yanaweza kuvumilia. Wachapaji wengi waliomfuata walirithi idadi hizo ndogo, lakini si wote waliorithi sababu zake.

Miongoni mwa matoleo yote ya Alice yenye sahihi, lipo moja ambalo haliwezi kulinganishwa na mengine. Mwaka 1929 George Macy alianzisha mjini New York chama cha wasomaji kilichoitwa Limited Editions Club, ambacho kiliwapelekea wanachama wake kitabu kimoja kila mwezi, kila kitabu kikichapwa kwa nakala 1,500. Zamu ya Alice ilifika mwaka 1932, na toleo hilo, lililosanifiwa na Frederic Warde, halikuweza kutiwa sahihi na mwandishi wala mchoraji, kwa kuwa Carroll alifariki mwaka 1898 na Tenniel mwaka 1914. Aliyeshika kalamu alikuwa Alice mwenyewe. Bibi Alice Hargreaves, ambaye jina lake la utotoni lilikuwa Alice Liddell, ndiye yule mtoto wa miaka 10 aliyeketi katika mashua siku ile ya Julai akaomba hadithi iandikwe isije ikasahaulika, na sasa, akiwa mwanamke wa miaka 80, aliandika jina lake katika nakala za hadithi aliyoiomba.

Ni vyema kujiuliza bibi huyo alikuwa akithibitisha nini. Hakuthibitisha kwamba sungura alivaa kizibao na kutazama saa, wala hakuthibitisha ubora wa ngozi au wa wino; alithibitisha kwamba kabla ya kuwa kitabu, hadithi ile ilikuwa sauti ya mtu mmoja iliyosikilizwa na watoto watatu, na kwamba mmoja wao alikuwa hai bado. Kalamu yake ilibeba mengine pia. Wanawe wawili waliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza, mumewe alifariki mwaka 1926, na mwaka 1928 alilazimika kuupeleka mnadani ule muswada ulioandikwa na kuchorwa kwa mkono wa Carroll, aliopewa zawadi mwaka 1864, ukauzwa kwa pauni 15,400. Mwaka huohuo wa 1932 alivuka bahari hadi New York kwa maadhimisho ya miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Carroll, akatunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Columbia, ingawa alikiri katika barua kwa mwanawe kwamba kazi ya kuwa Alice ilikuwa imemchosha. Si nakala zote 1,500 zilizopata jina lake. Nakala kadhaa za kitabu cha pili, kile cha safari ya ndani ya kioo, zilipata sahihi yake pia, lakini toleo hilo la chama lilitoka mwaka 1935 naye alikuwa amefariki mwezi Novemba 1934, hivyo wasomaji walipokea uthibitisho wa shahidi aliyekwisha kuzikwa.

Kutoka hapo mteremko ulikuwa mfupi. Mwaka 1969 Salvador Dalí naye aliichora Alice, na toleo lake, lenye picha zisizofungwa bali zilizopangwa ndani ya kasha, lilitolewa kwa maelfu ya nakala zenye sahihi. Miaka mitano baadaye, maofisa wa forodha wa Ufaransa walilisimamisha gari lililobeba makumi ya maelfu ya karatasi tupu, zote zikiwa zimetiwa sahihi ya mchoraji huyohuyo ilhali hazijachorwa chochote. Carroll alikataa kazi iliyokwisha chapwa kwa sababu haikuwa sahihi, na sasa ilipatikana sahihi ambayo haikuwa na kazi ya kuikubali wala kuikataa.

Utaratibu wa leo hauizidi sana karatasi ile tupu. Waandishi wengi hupelekewa masanduku ya kurasa mojamoja, wakazitia sahihi mezani kwao kwa maelfu, kisha kurasa hizo hubandikwa katika vitabu ambavyo wao hawajaviona; na imewahi kubainika kwamba sahihi iliyouzwa ghali iliandikwa na mashine. Kingo za kurasa hupakwa rangi za kupendeza, lakini mgongo umegundishwa badala ya kushonwa, na kitabu kikifunguliwa mara kumi hulalamika. Si ajabu kwamba wanunuzi wengi hawakifungui kabisa, bali hukiacha ndani ya plastiki yake na kungoja bei ipande, kwa kuwa idadi yake ilitoka sokoni na huko ndiko inakokusudia kurudi. Wapo mafundi waliokataa mkondo huo, kama Barry Moser wa Marekani, aliyeichonga Alice upya katika mti mwaka 1982 kwa nakala 350, lakini mafundi wa namna hiyo ni wachache kuliko wanaouliza thamani ya kazi zao.

Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilichapa Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Kiswahili ambamo Elisi alichorwa kama msichana wa Kiafrika. Hakikuwa kitabu cha kifahari: nakala zake hazikuwa na namba, na hakuna aliyeahidi kwamba zingekuwa chache. Zimekuwa chache hata hivyo, na mkusanyaji anayebahatika kuipata mojawapo anaweza kukuta katika ukurasa wa kwanza jina la mtoto aliyeimiliki, limeandikwa kwa penseli na kwa herufi zisizo sawa. Wauza vitabu huihesabu alama hiyo kuwa kasoro, nao huipunguzia nakala bei, ilhali hakuna sahihi nyingine inayokaribia zaidi ile ya mwaka 1932, kwa kuwa nayo ni ya mtoto aliyesimuliwa hadithi akaitaka iwe yake.